Mwerebi, mti unaoishi kwa kukatwa

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila juma, na yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)



Wasikilizaji kadhaa wameniandikia wakitaka kujua mierebi ni miti gani. Wameikuta katika Biblia ya Kiswahili, katika Mambo ya Walawi na katika Isaya, lakini hawajapata kuuona mti wenyewe wala hawamjui mtu aliyeuona. Mmoja anadhani ni aina ya mvinje. Mwingine ameandika kwamba mjadala huo ulipofika kwa mzee wa kanisa lao, mzee alijibu kuwa huo ni mti wa Wayahudi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali ni zuri na jibu lake linafika mbali. Linapitia kwenye kikapu, kwenye mtego wa samaki, kwenye ukuta wa nyumba, na kwenye matuta yanayozuia bahari isiimeze nchi ya Uholanzi. Mwisho wake linatugusa hata sisi tunaokwenda sokoni kila siku na mfuko mkononi. Kwa hiyo leo nitauzungumzia mwerebi, na hasa fito zake, ambazo zimewafanyia watu kazi kwa miaka ipatayo elfu kumi.

Mwerebi ni mti unaopenda maji. Huota kando ya mito, mabwawa na mifereji, zaidi katika nchi zenye baridi za Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Wataalamu wa mimea huziita jamii zake zote kwa jina la Kilatini Salix, na idadi yake ni kama 400. Baadhi ni miti mirefu ya mita 20 na zaidi. Nyingine ni vichaka tu, na huko kwenye ncha ya kaskazini ya dunia iko mierebi inayotambaa ardhini isifike hata kwenye kifundo cha mguu. Afrika nayo haikunyimwa. Zipo jamii chache za mwerebi kando ya mito yetu, kuanzia Misri hadi Afrika ya Kusini, ila mti huo umesimama kimya na wengi wetu tunapita tusiujue.

Wako watakaoukumbuka mwerebi kwa picha za bustani za Ulaya, ule mti wenye matawi marefu yanayoning'inia hadi majini kama nywele za mtu anayelia. Mtaalamu mashuhuri wa Sweden, Carl Linnaeus, aliupa mti huo jina la Babeli mwaka 1753, akiamini kuwa ndio ule ambao Wayahudi walitundika vinubi vyao walipokuwa uhamishoni. Kumbe asili ya mti huo ni China. Wataalamu wa leo wanaona kwamba miti ya Babeli ilikuwa ya jamii nyingine, ndugu wa karibu wa mwerebi, inayoota kando ya mto Frati. Lakini jina likishashika ni vigumu kuling'oa, na mti umebaki nalo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye fito. Kuna mambo mawili yaliyoupa mwerebi sifa yake. La kwanza ni kwamba tawi lake changa linapinda bila kuvunjika. Chukua kitawi cha mwembe cha unene wa kidole ukipinde. Kitalia na kukatika. Ufito wa mwerebi wa mwaka mmoja, ukiwa mbichi au umelowekwa, unaweza kuuzungusha, ukaufunga fundo, ukaukaza, na usikatike. Umekua kwa haraka katika msimu mmoja, umenyooka kutoka chini hadi juu, na hauna vifundo vya kuudhoofisha.

Jambo la pili ni kwamba mwerebi hauogopi panga. Ukate hadi kwenye kisiki wakati wa baridi, majani yakiwa yamekwisha pukutika. Jua la majira ya kuchipua likirudi, kisiki kile hutoa fito tele, na kabla mwaka haujaisha zimefika mita mbili na zaidi. Ukizikata tena, zitachipua tena. Kisiki kimoja kilichotunzwa vizuri huvunwa kila mwaka kwa miaka 20 hadi 30. Hata kuupanda hakuna kazi kubwa. Mkulima huchukua kipande cha ufito chenye urefu wa rula ya shule, akakichomeka kwenye ardhi yenye unyevu akaenda zake. Kitatoa mizizi chenyewe, kama muhogo.

Palipo na mifugo, wakulima wa Ulaya hawakukata chini, maana ng'ombe wangekula machipukizi yote. Walikata shina kwenye kimo cha mtu au juu zaidi, ili fito zichipue mbali na midomo ya ng'ombe. Mti wa namna hii huota kichwa kinene chenye vinundu, na fito zake husimama wima juu ya kichwa hicho. Ni lazima ukatwe kila baada ya miaka michache. Ukiachwa, fito zile hugeuka magogo mazito juu ya shina ambalo mara nyingi limekwisha kuoza katikati, mpaka siku moja upepo ukaupasua mti vipande viwili. Yaani mti huu ukishazoeshwa kukatwa, kinachouua ni kuachwa. Naomba msomaji ulikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya utangazaji, na siku moja ya mapumziko tulipelekwa mkoa wa Somerset, kusini magharibi mwa nchi hiyo. Huko kuna bonde pana la majimaji ambalo tangu zamani ndilo shamba kuu la mierebi la Waingereza. Nilitegemea kuona mitambo. Nikamkuta mzee ameketi chini, miguu ameinyoosha, ubao umelala mapajani umeinamia mbele, na kikapu kiko juu ya ubao. Vyombo vyake vilikuwa kisu, shazia nene ya chuma, na kipande cha chuma cha kugongea fito zikae karibu karibu. Ungemvua koti lake zito ukamvalisha kanzu, ungeweza kumketisha barazani Pemba na hakuna ambaye angemwuliza ametoka wapi.

Mzee yule alinieleza kwamba fito hutoka kwa rangi tatu. Za kahawia ni zile zilizokaushwa na gome lake. Za rangi nyeupe ni zile zilizokatwa wakati wa baridi zikasimamishwa kwa mafungu ndani ya maji, miguu yake ikilowa, mpaka utomvu upande tena. Hapo gome huachia na kuvuliwa kama soksi, na ndani ufito ni mweupe. Za tatu huchemshwa kwa saa nyingi zikiwa na gome, na rangi ya gome ikaingia ndani, kisha zikamenywa zikiwa nyekundunyekundu. Baada ya hapo hupangwa kwa urefu na kufungwa mizigo. Kwetu pwani fito za mikoko huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Wao hawahesabu, wanapima mzingo wa mzigo kwa kamba, na unatakiwa ukaribie mita moja.

Ufito mkavu haufai kusukwa mpaka ulowekwe. Mweupe unatosheka na saa moja au mbili, wa kahawia unahitaji siku kadhaa. Kisha hufunikwa kwa kitambaa chenye majimaji usiku mmoja ili unyevu uenee mwili mzima. Nilimtafsiria mzee methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi. Akacheka, akasema yeye anamkunja hata mkavu, mradi apewe maji na siku tatu.

Kusuka kwenyewe huanzia kwenye kitako. Fito nene tatu hupasuliwa katikati kwa kisu, na nyingine tatu hupenyezwa kwenye mipasuo hiyo, ukapatikana msalaba. Fito nyembamba huuzunguka msalaba, na kila mzunguko unaitawanya mikono yake mpaka ikawa kama miali ya jua. Kitako kikifika upana unaotakiwa, fito ndefu huchomekwa kando ya kila mwali, hupindwa kwenda juu, nazo ndizo nguzo za kikapu. Baada ya hapo ni kupitisha ufito mbele ya nguzo moja na nyuma ya nyingine, kugonga, na kupitisha tena, hadi juu ambako ncha za nguzo zenyewe hukunjwa na kusukwa ukingo. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna uzi. Kikapu kizima kinashikwa na ukaidi wa fito, kila moja ikitaka kunyooka na jirani yake ikiikatalia.

Kazi hii ni ya zamani mno. Mwaka 1913, mahali paitwapo Antrea, ambapo wakati huo palikuwa sehemu ya Ufini na leo ni Urusi, mkulima aliyekuwa akichimba katika shamba lenye tope alikuta mabaki ya wavu wa kuvulia samaki. Wavu ule ulifumwa kwa nyuzi za gome la mwerebi, na umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 10,000. Ni mmoja wa nyavu kongwe kuliko zote zilizopata kugunduliwa duniani.

Wavuvi hawakuishia kwenye wavu. Katika mito na pwani za Uingereza walisuka mitego ya fito kwa ajili ya mikunga na kamba wakubwa. Mtego huo una mdomo mpana unaobana kuelekea ndani, hivyo kwamba samaki akiingia hajui tena pa kutokea. Mvuvi wetu anayetumia mgono au dema hahitaji kuelezwa zaidi. Na huko Wales, kwenye mto Teifi, wavuvi hutumia mtumbwi mdogo wa mviringo ambao mbavu zake ni vibanzi vya mwerebi vilivyosukwa, kisha ukavikwa kitambaa kilichopakwa lami. Zamani ulivikwa ngozi. Mtumbwi huo ni mwepesi kiasi kwamba mvuvi akimaliza kazi huubeba mgongoni akarudi nao nyumbani kama kobe.

Kisha kuna nyumba. Sisi tulikua tukiambiwa kwamba nyumba ya fito na udongo ni ya maskini wa Afrika. Ukweli ni kwamba Ulaya nayo iliishi humo kwa karne nyingi. Walisimamisha nguzo za mbao, wakasuka kati yake fito za mwerebi au za miti mingine inayopinda, wakakandika kwa udongo uliochanganywa na mabua na samadi. Nyumba nyingi za London zilizoungua katika moto mkubwa wa mwaka 1666 zilikuwa za mbao na kuta za namna hiyo. Ziko bado nyumba za aina hii Uingereza na Ujerumani zenye umri wa miaka mia kadhaa, na leo watu hulipa fedha nyingi kuzinunua.

Lakini mahali ambapo fito zimebeba mzigo mkubwa kuliko kote ni Uholanzi. Kama robo ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari, na kilichosimama kati ya watu na maji ni matuta. Tatizo la tuta haliko juu linakoonekana; liko chini. Ukimwaga mawe moja kwa moja juu ya mchanga wa bahari, mkondo wa maji hupita kati ya mawe, ukachota mchanga kidogo kidogo, na mawe yakazama. Mwaka ukiisha, tuta limepasuka.

Waholanzi walilitatua jambo hilo kwa mkeka. Wakati maji yamekupwa, mafundi walifunga fito za mwerebi kuwa mabunda marefu mithili ya kamba nene, wakayapanga ufukweni kwa mistari inayokatana kama wavu mkubwa wenye macho ya mraba. Juu yake wakatandika matabaka ya fito, kisha wavu mwingine wa mabunda, na wakavifunga vyote pamoja. Mkeka mmoja uliweza kuwa mpana kuliko kiwanja cha nyumba kadhaa. Maji yakijaa, mkeka ulielea. Ukavutwa kwa mashua hadi mahali pake, na wanaume waliosimama kwenye mashua pande zote wakautupia mawe kwa pamoja hadi ukazama na kulala juu ya mchanga. Mkeka hupitisha maji, lakini hushika mchanga. Na kwa kuwa chini ya maji na mchanga hakuna hewa ya kutosha, fito zile hukaa miaka mingi mno bila kuoza.

Kwa mikeka hiyo walilinda vitako vya matuta yao kwa karne nyingi. Ilitumika katika ujenzi wa lile tuta refu la kilomita 32 lililokamilika mwaka 1932 na kuigeuza ghuba ya bahari kuwa ziwa. Mhandisi wao mmoja, Johannis de Rijke, alikwenda Japani mwaka 1873 na ujuzi huo ukatumika katika kuituliza mito ya huko. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ya kusini magharibi mwa Uholanzi na watu 1,836 walipoteza maisha. Katika kuziba na kujenga upya, mikeka ya fito ilikuwa kazini tena.

Mwerebi umekwenda hata vitani na angani. Katika Vita Kuu ya Kwanza vikapu vyake vilibeba makombora ya mizinga. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walidondosha kwa miavuli, kutoka kwenye ndege, matenga ya mwerebi yaliyojaa risasi, dawa na chakula. Sanduku la mbao likigonga ardhi hupasuka. Tenga hubonyea na kurudi. Ni sababu hiyo hiyo iliyowafanya warushaji wa maputo kulipenda. Tarehe 19 Septemba 1783, huko Versailles nchini Ufaransa, mmoja wa ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier alirusha puto la hewa ya moto mbele ya mfalme. Abiria walikuwa kondoo, bata na jogoo, ndani ya tundu la fito. Hadi leo watalii wanaoelea alfajiri juu ya Serengeti na Masai Mara husimama ndani ya kapu. Makapu hayo husukwa kwa henzirani au kwa mwerebi au kwa vyote viwili, kwa maana bado hakijapatikana kitu kinachopokea kishindo cha kutua kwa upole kama huo.

Kwenye ibada pia umo. Wayahudi hushika matawi ya mwerebi pamoja na kuti la mtende katika Sikukuu ya Vibanda, kama Walawi inavyoagiza. Wakristo wa Urusi na Poland, ambako mtende hauoti, huingia kanisani Jumapili ya Matawi na vitawi vya mwerebi vyenye maua laini kama manyoya ya paka. Huko Ucheki, Jumatatu ya Pasaka, vijana husuka kiboko cha fito za mwerebi na kuwachapa wasichana kwa mzaha, wakiamini kwamba ubichi wa ufito utahamia mwilini na kuleta afya.

Imani hiyo ya afya haikuwa upuuzi mtupu. Gome la mwerebi ni dawa ya kale ya homa na maumivu. Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliliandikia Jumuiya ya Kifalme ya sayansi ya London akieleza jinsi alivyowapa wagonjwa wapatao 50 unga wa gome hilo. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alifaulu kuitenga dawa iliyomo ndani ya gome, akaipa jina linalotokana na Salix. Kutokana na njia hiyo, wakemia wa Ujerumani walifika mwaka 1897 kwenye dawa ambayo tangu 1899 inauzwa kwa jina la aspirini. Lakini nakuomba, msomaji, ukiumwa kichwa nenda duka la dawa. Usianze kutafuna magome.

Baada ya sifa zote hizi utauliza: hali ya mti huo ikoje leo? Baada ya Vita Kuu ya Pili kilikuja kikapu cha plastiki, sanduku la karatasi ngumu na mkeka wa nailoni wa kulaza chini ya bahari. Vyote vilikuwa rahisi na vya haraka. Wanunuzi wa fito wakapungua, mashamba mengi ya Somerset yakageuzwa malisho, na vijana wakatafuta kazi nyingine. Huko Uholanzi mierebi ya kando ya mifereji iliachwa bila kukatwa, ikalemewa na magogo yake, ikaanza kupasuka kama nilivyoeleza. Ikabidi wananchi waunde vikundi vya kujitolea, ambavyo kila msimu wa baridi hutoka na misumeno kwenda kuikata. Hawakati kwa kuwa wana vikapu vya kusuka. Wanakata ili miti isife.

Hata hivyo kazi haikuzikwa kabisa. Wapo wanaoendelea kusuka vikapu, na siku hizi hata majeneza ya fito, ambayo wanunuzi huyapenda kwa kuwa huoza ardhini bila kuacha sumu. Wapo pia wanaosuka fito mbichi kwenye kingo za mito zinazomomonyoka. Fito hizo hushika mizizi na ukingo ukajishikilia wenyewe.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu kanuni yake inafanya kazi hata kwetu, tena kwa ukali zaidi. Sisi hatuna desturi ya mwerebi, lakini tuna ukindu, tuna miyaa, tuna henzirani na tuna fito za mikoko. Na kila mmea una sheria yake. Mchu ukikatwa huchipua. Mkoko, ule wenye mizizi iliyojitanda kama miguu ya kaa, ukikatwa shina chini ya majani yake hauchipui tena, umekwisha. Anayekata mkoko sharti apande mwingine. Mkindu nao hutoa kuti changa moyoni, na mkataji mwenye adabu huacha mengine yafunguke. Akiyamaliza yote, mmea hudhoofika. Mambo haya wakataji na wasusi wanayajua bila kwenda chuo chochote. Wakiacha kazi, wanaondoka nayo, na anayekuja baada yao na panga hajui lipi aache.

Hivi karibuni nilikwenda soko moja la hapa Dar es Salaam nikamkuta mama mtu mzima anauza vikapu vya ukindu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kikapu."

Nikamwuliza kama biashara inakwenda. Akaniambia kwamba wanaonunua ni wageni wanaotaka cha kupeleka kwao, na mabibi harusi. "Mtu wa kwenda nacho sokoni kununua mchicha, huyo simwoni." Nikamwuliza kama binti zake wanasuka. Akatikisa kichwa. "Mkubwa anajua. Wadogo wananiuliza, mama, tusuke tumuuzie nani?"

Swali la mabinti hao ndilo swali la Somerset na la Uholanzi. Tena lilipata jibu lililokaribia kuwa zuri. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wengi tulidhani kikapu kitarudi mkononi. Kilichojaza nafasi kwa sehemu kubwa ni mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, ambayo mingi yake ni plastiki iliyofanywa nyuzi. Msusi alisimama mlangoni, soko likampita.

Simlaumu mwananchi anayehesabu shilingi zake. Kikapu cha ukindu ni ghali kuliko mfuko. Lakini tuhesabu vizuri. Mfuko ule hununuliwa leo, wiki ijayo hununuliwa mwingine. Kikapu kizuri, kikianikwa kikilowa na kutolemezwa kupita kiasi, hukaa miaka. Na fedha yake inakwenda kwa mtu anayejua ni kuti lipi la kukata na lipi la kuacha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita sokoni juma hili, nunua kikapu kimoja cha kwenda nacho kwenye mchicha. Usikiweke juu ya kabati kama pambo. Kitumie kichakae, kisha urudi ununue kingine kwa mama yule yule. Na ukifika hapo mwulize ukindu wake umetoka wapi na nani aliyeukata. Atakujibu, maana ni muda mrefu hajaulizwa.